Hesabu moja, majibu mawili

*Mwalimu, shikamoo. Kwenye grupu la ukoo wametuma 8 ÷ 2(2 + 2). Mimi nimepata 16, shemeji yangu fundi umeme anashikilia 1. Nani kakosea?*

Marahaba. Kakosea aliyeiandika. Mabano yakishafanyiwa kazi inabaki 8 ÷ 2(4). Wewe umetoka kushoto kwenda kulia: 8 ÷ 2 ni 4, mara 4 ni 16. Shemeji ameiona 2(4) imeshikana kama 2x ya aljebra, akagawanya 8 kwa 8. Msigombane, maana hata mashine hazikubaliani: kikokotoo cha TI-82 cha Texas Instruments hutanguliza kuzidisha kusikokuwa na alama, kama 2(4), kikatoa 1, TI-83 iliyokifuata inatoa 16. Hesabu hiyohiyo ilizua ubishi mkubwa mtandaoni mwaka 2019. Kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 kinashauri hata alama ÷ isitumike. Mwambieni aliyetuma achague: (8 ÷ 2) × (2 + 2), au 8 ÷ (2 × (2 + 2)). Mabano mawili tu, ukoo ukalala.

*Mwanangu wa darasa la tano kaandika 10 − 4 + 3 = 3. Anasema kwenye MAGAZIJUTO, JU inatangulia TO.*

Hapa jibu ni moja, 9, na mtoto amekosa. Ila simlaumu. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa: likikaririwa hivyo bila maelezo, neno lenyewe linampoteza. Kujumlisha na kutoa viko ngazi moja, kinachotangulia kushoto ndicho kinachoanza. Wanaosoma kwa BODMAS, neno la Kiingereza la mpangilio kama huo, huangukia shimo hilohilo. Mpe embe 10, mwambie ampe jirani 4, kisha muongezee 3, ahesabu zilizobaki. Akishaelewa, mwoneshe kwamba alama ya kutoa ni mali ya 4 peke yake: −4 + 3 ni −1, na 10 ukitoa 1 ni 9. Kumbe hata akianza na JU anafika, mradi asiiache alama nyuma.

*Nauza duka. Mteja kachukua sukari ya 1,500 na mikate 3 ya 800. Simu inasema 3,900, kikokotoo changu 1,202,400!*

Kikokotoo kidogo cha dukani hakisubiri. Ukibonyeza 1,500 + 3 kinajumlisha papo hapo, kisha kinazidisha 1,503 kwa 800. Simu inaanza na kuzidisha, nayo ndiyo iko sahihi. Anza na mikate: 3 × 800 + 1,500. Bidhaa zikiwa nyingi, bonyeza M+ baada ya kila moja ili ihifadhiwe na kujumlishwa, mwisho bonyeza MR (au MRC) uone jumla.

*Kwenye Excel nimeandika =-3^2, nikapata 9. Darasani tulifundishwa −9.*

Darasani mlifundishwa sawa: kipeo kwanza, hasi baadaye. Excel huanza na alama ya hasi. Andika =-(3^2).