Kabla ya kuchagua programu ya uthibitishaji, fikiria siku simu itakapokufa

Simu yangu ya zamani ilizima kioo usiku, nami nilikuwa na malipo ya kufanya asubuhi yake. Nenosiri la benki nilikuwa nalo kichwani. Kilichonikwamisha ni zile tarakimu 6 za kuingilia, zinazodaiwa baada ya nenosiri, zilizokuwa zikitolewa na programu ya uthibitishaji ndani ya simu hiyo hiyo. Sikuwa na nakala, na misimbo ya dharura, ile ya kuingilia simu ikikosekana, niliyopewa siku ya kwanza niliifunga harakaharaka kama mtu anayeondoa tangazo. Ilinibidi nifike benki mwenyewe na kitambulisho, na siku nne zilipita kabla sijaingia tena kwenye akaunti yangu. Tangu hapo, anayeniuliza achague programu ipi humjibu kwa swali: simu hiyo ikipotea leo, utarudi vipi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Ule mraba wa QR unaoupiga kwa kamera siku ya kuiunganisha programu na akaunti hubeba ufunguo wa siri, ambao benki nayo hubaki nao. Simu huukokotoa ufunguo huo pamoja na saa, kwa kanuni iitwayo TOTP iliyochapishwa mwaka 2011, na kwa kawaida hutoa tarakimu mpya kila baada ya sekunde 30, huku benki ikifanya hesabu hiyo hiyo upande wake na kulinganisha. Ndiyo maana tarakimu hutoka hata pasipo mtandao, na ndiyo maana saa ya simu iliyorekebishwa kwa mkono ikakosea dakika chache hufanya kila msimbo ukataliwe. (Mimi niliwahi kuilaumu benki kwa jambo hilo, kosa lilikuwa la saa yangu.) Kwa kuwa kanuni ni moja, programu mbili zenye ufunguo mmoja zitatoa tarakimu zile zile. Kinachozitofautisha ni namna zinavyoutunza ufunguo huo na kama zinakuruhusu kuutoa.

Kwa kipimo hicho, Google Authenticator ni rahisi mno kuitumia, na tangu 2023 inaweza kuhifadhi funguo kwenye akaunti yako ya Google. Ila ukikubali hilo, basi akaunti hiyo nayo uilinde kama unavyoilinda ya benki. Authy huhifadhi nakala iliyosimbwa (isiyosomeka bila nenosiri), lakini haikupi njia ya kawaida ya kuhamishia funguo zako kwenye programu nyingine, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuiacha. Ninayoitumia sasa ni Aegis, ambayo msimbo wake wa chanzo, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote kuukagua, hufunga funguo zote kwa nenosiri, na hutoa faili la nakala ninaloliweka nje ya simu. Aegis ni ya Android tu. Mwenye iPhone aangalie Ente Auth au 2FAS. Yoyote utakayoichukua, soma kwanza jina la mtengenezaji wake, kwani programu za kuigiza majina si haba.

Kabla ya yote hayo, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya benki yako uone kama inakubali programu ya nje, maana benki nyingi hulazimisha kutumia programu yao wenyewe au ujumbe mfupi. Kama uchaguzi upo, programu ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa kuwa mhalifu aliyefanikiwa kuihamishia namba yako kwenye laini yake hupokea ujumbe wako lakini hapati ufunguo uliomo ndani ya simu yako. Hata hivyo, tarakimu hizo hazikukingi na tovuti bandia: ukiziandika humo, tapeli anaweza kuzitumia papo hapo kabla muda wake haujaisha. Anwani ya benki iandike mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa.

Siku ya kubadilisha simu, usifute chochote kwenye ya zamani mpaka umerejesha nakala kwenye mpya, ukaingia benki kwa tarakimu zake, ukatoka, na ukaingia tena. Misimbo ya dharura iandike kwenye karatasi. Yangu imo ndani ya bahasha pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, na nenosiri la lile faili la nakala liko kwenye karatasi nyingine, mahali pengine kabisa.