Shangazi, jina la tamasha nimwambieje mama?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Marafiki zangu watatu wananivuta twende Jinja, Uganda, kwenye tamasha la Nyege Nyege. Nikimtajia mama jina tu, ananifukuza nyumbani. Huko kuna nini hasa?
Binti wa Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mwambie mama kwamba kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Ya Kiswahili chetu hayamo. (Hayamo sana.) Lilianza 2015, kando ya Mto Nile, muziki wa kompyuta usiku na mchana.

Mimi nilienda na mashoga zangu wawili. Mvua ikatupiga, kiatu kimoja kikamezwa na tope, nikacheza peku mpaka kunakucha, mkononi rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, mafuta yanachuruzika hadi kiwikoni. Mara singeli hiyo, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, ya kwetu uswahilini Dar! Wazungu wameduwaa, sisi viuno vinajua njia.

Beba gambuti. Hela ya rolex ifiche kwenye soksi, na simu mkabidhi yule asiyekunywa.