Re: Unga wa kijani unarudi kwenye chembe cha mshale

Salaam mkuu. Umesema chembe chako cha mshale cha bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) cha Waskithi, wale wapanda farasi wa kale wa nyika za Ulaya Mashariki na Asia, kile cha makali matatu, kila ukikifuta unga wa kijani unarudi. Kabla ya chochote angalia rangi. Kutu ya kijani iliyokolea, ngumu, iache ilivyo. Ukiona unga mpauko unaobanduka kwa kijiti cha meno na chini yake kuna kishimo, hiyo ni kloridi, yaani chumvi inayoshambulia chuma hicho. Inakula bronzi ikipata unyevu, ndiyo maana kufuta hakusaidii.

Siki na ndimu usiguse kabisa! Changu kilitulia nilipokifungia kwenye kopo linalobana pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyofyonza unyevu (vile vya kwenye viatu vipya mara nyingi vimeshashiba maji, nunua vipya). Weka na kipima unyevu kidogo, kisome chini ya asilimia 40.

Chungulia pia tundu la kuchomekea uti. Unga hupenda kujificha humo, ila usichokonoe: wakati mwingine kuna masalia ya mti wa zamani. Unga ukirudi hata kwenye ukavu, mpelekee mhifadhi wa makumbusho chembe hicho. Kama chembe ni halisi au la, kwa picha ulizotuma siwezi kusema.