Bergamo si kulipia usingizi

Mhariri, swali lenu la wiki limenigusa pabaya. Mmeuliza: ukipata nauli ya kwenda Ulaya mara moja tu maishani, uende mji mkubwa wenye pilikapilika au mji mdogo mtulivu? Na jibu la kwanza mlilolichapisha likasema kwamba kwenda mji mtulivu ni kulipia usingizi. Mwandishi wake alizunguka kaskazini mwa Italia siku nzima, anasema, akaona madirisha yaliyofungwa na paka. Hakuutaja mji. Mimi nautaja wangu: Bergamo. Nilikwenda Oktoba 2023, nikakaa siku tano.

Sikufuata utulivu. Sebuleni kwa tata, yaani baba yangu, kule Bukoba, zilining'inia picha mbili: ya Kardinali Laurean Rugambwa, na pembeni yake ya Papa Yohane wa 23, aliyempa ukardinali mwaka 1960, wa kwanza kwa Mwafrika mweusi katika zama hizi. Tata alikuwa akitusimulia kwamba huyo Papa mnene alizaliwa na wakulima waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno, katika kijiji kiitwacho Chini ya Mlima. Mimi nilidhani jina hilo amelitunga ili tumsikilize. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko lilipotupiga Bukoba, picha ya Papa ilianguka, kioo kikapasuka. Ya Rugambwa ilibaki ukutani. Tata alikuwa ameshafariki. Nilipokuwa nikifagia vile vioo niliweka nia: nitakwenda kuona alikotoka mtu huyu.

Kijiji kipo kweli. Kinaitwa Sotto il Monte, na maana yake ni hiyohiyo aliyoisema tata. Kiko kilomita kama 15 kutoka Bergamo. Nilifika, nikaingia nyumba aliyozaliwa mwaka 1881, nikasali. Yaliyobaki ni baina yangu na tata.

Sasa mji wenyewe. Treni kutoka Milano haimalizi saa nzima. Ukitoka stesheni, barabara pana iliyonyooka mbele yako inaitwa kwa jina la Papa huyohuyo, na ukiinua macho unaona mji mwingine umekaa juu kilimani, ndani ya ukuta. Maana Bergamo ni miji miwili: wa chini wenye maduka na ofisi, na wa juu wa mawe na minara. Unapanda kwa funikula, behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma, ambalo limekuwa likipandisha watu tangu 1887. Ukuta ni kazi ya Waveneti, watawala wa enzi hizo kutoka Venisi, waliouanza mwaka 1561. Una urefu wa zaidi ya kilomita tano, na tangu 2017 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Lakini wenyeji hawautazami kama makumbusho. Jioni wanatembea juu yake kama sisi tunavyoshuka ufukweni Jumapili. Kusini wanaona tambarare inayoelekea Milano, kaskazini milima ya Orobie. Wazee wamefunga skafu vizuri, viatu vinang'aa, wanazungumza kwa sauti ya watu waliotoka misa sasa hivi. Sikumwona mtu aliyevaa ovyo. Kama huo ni usingizi, basi ni wa watu waliooga wakatandika kitanda.

Siku moja binti wa dada yangu, anayefanya kazi Milano, alinipeleka ziwa Iseo, na huko tukavuka kwa boti hadi kisiwa cha Monte Isola. Nitasema jambo moja tu la huko: wavuvi wanaanika samaki juani, samaki wadogo kiasi, kwenye fremu za miti, kisha wanawakandamiza na kuwahifadhi kwenye mafuta. Wanawala na polenta, ambayo ni ugali wa mahindi ya njano. Mtu wa Ziwa Victoria akisafiri kilomita zote zile akakutana na harufu ya samaki mkavu, magoti yanamlegea. Nilikula sahani mbili.

Lakini ninachotaka kusimulia ni usiku wa tatu, na mhariri akinipunguzia maneno nimwombe apunguze kwingine.

Tulikuwa Piazza Vecchia, uwanja wa mji wa juu. Katikati pana chemchemi yenye simba weupe wa marumaru wanaouma mnyororo. Watalii wa mchana walikuwa wameshateremka na funikula. Binti alisema, "Mama mdogo, kaa hapa nikakutafutie chai," akaniacha nimejikunyata kwa baridi. Karibu yangu alikaa bibi mmoja, miaka themanini hivi, koti la kijivu, mkoba umesimama magotini. Tuliitikiana kwa kichwa. Hakuna aliyekuwa na lugha ya mwenzake.

Saa nne kamili usiku kengele ya mnara wa mji ikaanza. Wenyewe wanaiita Campanone. Nilikuwa nimeelezwa kwamba kila usiku saa hiyo inapiga mara mia, kukumbusha enzi za Waveneti, milango ya ukuta ilipokuwa ikifungwa na aliyechelewa analala nje. Kuelezwa ni kitu kimoja. Pigo la kwanza nililisikia kwenye mbavu. Nikaanza kuhesabu, kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Yule bibi aligeuka. Nikaona naye vidole vinakunjika kimoja kimoja juu ya mkoba. Alikuwa anahesabu!

Akaniona nimemwona. Akainua mkono, vidole vimekunjwa vyote: kumi. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha wangu: kumi. Basi tukaendelea hivyo, kila kumi tunaonyeshana mikono kama watoto wanaocheza. Ishirini, sawa. Thelathini, sawa. Arobaini, sawa. Baada ya hapo nadhani mmoja wetu aliteleza, kwa sababu binti aliporudi na vikombe alinikuta nasema "tisini na sita" na bibi amebakiza kukunja vidole viwili. Kengele ilipiga mara mbili zaidi, ikanyamaza. Kwangu tisini na nane. Kwake mia. Alicheka mpaka akashika koti langu.

Binti akawa mkalimani. Bibi aliuliza kwa nini nahesabu. Nikasema, nataka kuhakikisha ni mia kweli. Nikamuuliza na yeye, aliyezaliwa hapo, kwa nini anahesabu. Akakaa kidogo. Akasema kwamba Machi 2020 mume wake alichukuliwa na gari la wagonjwa kupelekwa hospitali, naye hakumwona tena. Mnakumbuka Bergamo ya wakati ule wa Korona: tarehe 18 Machi dunia nzima iliona malori ya jeshi yamepangana usiku, yakibeba majeneza kuyapeleka miji mingine kwa kuwa hapo nafasi ya kuchoma maiti ilikuwa imekwisha. Bibi alisema barabarani hakukuwa na mtu, wala gari, ila ving'ora. Alikuwa dirishani akivihesabu. Alipoweza kutoka tena, alipanda huku saa nne usiku ili ahesabu kitu ambacho anajua kinaishia wapi.

Nikamsimulia tetemeko la kwetu. Namna baada ya mtikisiko kuku na mbwa na watu wote walivyonyamaza pamoja, kabla ya kelele za kwanza kusikika. Binti alitafsiri, bibi akaniangalia, akasema "sì, sì," na hilo halikuhitaji tafsiri.

Mhariri, nilipoanza kuandika nilikusudia kumjibu yule msomaji kwamba mji mtulivu ni bora, basi. Sasa nikisoma nilichoandika naona kila ninachokikumbuka Bergamo ni pale utulivu ulipokatika: kengele, kicheko cha yule bibi, samaki. Usiku wa kwanza na wa pili, kabla ya hapo, nilikuwa peke yangu chumbani na sikusikia kitu chochote, hata redio ya jirani. Nilikesha nimekaa kitandani nikitamani jogoo. Kwa hiyo yule msomaji hakusema uongo. Alikuwa peke yake, na hana wa kumtafsiria, na aliondoka jioni.

Basi jibu langu, ambalo naliandika kwa shingo upande: kwa nauli moja tu, na kama huna mwenyeji wala lugha, nenda Roma. Makundi yatakubeba. Ila kama una hata mtu mmoja wa kukutafutia chai, nenda Bergamo, na ulale mji wa juu, usirudi Milano na treni ya jioni. Nasema haya nikiujua mji kwa Oktoba tu, kiangazi sikuuona. Na wenye magoti mabovu wajue kwamba hata ukifikishwa juu na funikula, njia za mawe zinaendelea kupanda.

Binti wa dada yangu anashikilia kwamba mimi ndiye niliyeruka mapigo mawili. Nimeifikiria sana ile hesabu. Mimi naamini tulikuwa sawa hadi arobaini, na nilianza kumtazama yule bibi usoni badala ya vidole mahali fulani karibu na hamsini.

Msomaji wenu,
Bukoba