Maswali ya Wasomaji: Kutazama Ndege Zanzibar Msimu wa Kusi

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, na tangu utotoni nimekuwa mpenzi wa ndege, kiasi kwamba nikisikia mngurumo angani huweka chaki chini na kwenda dirishani. Mwezi Julai, Mungu akipenda, nitawapeleka mke wangu na watoto wetu wawili Zanzibar kwa siku nne, na tutavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Nilipomweleza mama watoto kwamba ningependa pia kutazama ndege, aliniuliza, "Wanapatikana msitu gani?" Nilipomjibu kwamba zinapatikana uwanjani, uso ulimbadilika, kwa sababu mwaka jana katika safari ya Arusha niliwaacha hotelini karibu siku nzima. Je, nisimame wapi ili nizione vizuri bila kuwaharibia wenzangu safari? Kupiga picha kunaruhusiwa? Na nizitofautishe vipi, maana kwangu mimi kila yenye pangaboi ni Bombardier?

Baba wa Watoto Wawili, Morogoro

JIBU

Mwalimu, mkeo hakukosea. Ndege mwenye manyoya huchukua "wa" na ndege ya chuma huchukua "zi", na wewe uliishia kwenye neno "ndege" bila kumpa kiambishi cha kumwongoza. Kosa la Arusha, nadhani, lilikuwa la aina hiyo hiyo: ulikwenda kungoja bila kujua ndege itatokea upande gani, na mtu anayengoja hivyo hupoteza siku nzima kwa ndege mbili.

Jambo la kwanza kujua ni upepo. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huyapa mabawa nguvu ya kuinua hata pale mwendo wa ndege juu ya ardhi unapokuwa mdogo, hivyo masafa ya kuruka au kusimama yanapungua. Njia ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume ina urefu wa zaidi ya meta 3,000, nayo imelala kaskazini kwa kusini; ncha zake zimeandikwa 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360 za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho. Yaliyobaki angeweza kukwambia nahodha yeyote wa jahazi: Julai ni kusi, upepo unatoka kusini, kwa hiyo ndege nyingi zitatua zikitokea kaskazini, upande wa mjini, na zitaruka kuelekea kusini. Ungesafiri Januari, wakati wa kaskazi, ungeyageuza maneno haya. Alfajiri upepo ukilala, waongoza ndege wanaweza kutumia upande wowote, basi tazama ndege mbili za mwanzo ndipo uchague pa kukaa.

Sasa fungua ramani kwenye simu yako, uchore mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya njia ya kurukia kwenda juu. Mstari huo unapita kwenye viunga vya mji na kuuacha Mji Mkongwe upande wa magharibi. Ndege inayoteremka kwa pembe ya kawaida ya nyuzi 3 inapokuwa kilometa 3 kabla ya njia ya kurukia huwa juu kwa takriban meta 160 tu, na kwa umbali huo darubini ya kawaida inatosha kusoma herufi zilizo ubavuni. Huna haja ya kwenda kung'ang'ania uzio. Tafuta mahali palipo karibu na mstari huo ambapo familia ingependa kukaa kwa vyovyote vile, mkanywa chai au madafu, na mpatane saa moja na nusu, isizidi. Asubuhi kaeni mashariki ya mstari, alasiri magharibi, ili jua liwe mgongoni. Saa sita mchana achana nazo kabisa, kwa sababu joto la ardhi hulifanya kila umbo litetemeke kama liko nyuma ya moshi, na huo ndio wakati wa kwenda kuogelea na watoto.

Kuhusu picha, nakusihi uwe mwangalifu. Viwanja vya ndege ni maeneo ya ulinzi. Kwa picha za ndani au za uzioni, ruhusa huombwa kwa wenye uwanja, na kwa upande wa Visiwani hao ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 wenye mapenzi kama yako walikamatwa katika kambi ya jeshi la anga ya Kalamata, Ugiriki, wakahukumiwa Aprili 2002, baadhi yao kwa ujasusi, na hawakufutiwa makosa mpaka rufaa ya Novemba mwaka huo. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa na askari kandokando ya uwanja mmoja ambao sitautaja. Alichukua daftari langu, akapitisha kidole taratibu juu ya mistari ya namba za usajili wa ndege, zinazoanzia 5H na 5Y, kisha akaniuliza hizo ni namba za simu za nchi gani. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka saa nane mchana, na wanangu walikula bila mimi.

Namba zenyewe ndizo uhondo wa mchezo huu. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, ET Ethiopia, A7 Qatar, A4O Oman. TC ni Uturuki, lakini usichanganyikiwe ukiiona kwenye ndege zetu: ile Boeing 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania, iliyowasili Julai 2018, ni 5H-TCG, na kinachotaja nchi ni kile kilicho kabla ya kistari.

Ama pangaboi, utaziona za aina tatu hasa. Ndogo yenye injini moja puani, bawa juu ya kichwa cha abiria na magurudumu yasiyokunjwa ni Cessna Caravan, na hizi ndizo zinazopita kama daladala kati ya Dar na visiwani. Mbili zinazokuchanganya ni ATR, kama zile za Precision Air, na Dash 8-400, ambayo ndiyo Bombardier yako. Zote zina bawa la juu na mkia wenye umbo la T, basi usihangaike na mkia, tazama miguu. Miguu ya ATR hutoka kwenye vifuko vilivyo tumboni, mifupi kama ya bata, ilhali ya Dash 8 hushuka kutoka chini ya injini zenyewe, mirefu, ikapanuka pande mbili. Nilipolijua hili sikukosea tena, hata ndege ikiwa mbali. Kwa zile kubwa anza na injini: ya 787 ina meno-meno ukingoni kwa nyuma, na ncha ya bawa lake huchongoka kurudi nyuma bila kukunjwa juu.

Programu ya simu kama Flightradar24 itakuonyesha kinachokuja, ila huonyesha zaidi ndege zinazojitangaza kwa redio, na za kijeshi mara nyingi hazimo. Mkabidhi simu mtoto mkubwa atangaze, mdogo asome herufi kwa darubini, nawe uandike: tarehe, saa, namba, aina, upande iliotokea. Kurasa za nyuma za daftari mwachie mama watoto. Juu ya mapaa ya Mji Mkongwe wenye manyoya nao hawakosekani, na kunguru peke yao watamjazia ukurasa kabla chai haijapoa.