Fedha za Utafiti au Fedha za Dawa?

SWALI: Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mama mtu mzima wa hapa Bagamoyo na ni mjumbe wa kamati ya zahanati yetu. Kwa miaka kadhaa sasa vijana wenye vishikwambi wamekuwa wakifika nyumbani kwangu kuniuliza nani ameumwa, nani amejifungua na nani amefariki. Huwakaribisha barazani, huwajibu kwa ukweli, nao huondoka, lakini matokeo ya kazi yao hayajawahi kurudi kwetu hata siku moja. Hivi karibuni nimesikia kwamba zimetengwa fedha nyingine za utafiti wa kuimarisha mifumo ya afya, na wakati huohuo zahanati yetu imekaa wiki mbili bila dawa ya mseto ya kutibu malaria ya watoto. Kwa nini fedha hizo zisinunue dawa?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Nitaanza na dawa, kwa sababu ndipo panapouma.

Zahanati inaweza kukosa dawa ya mseto kwa wiki mbili kwa sababu mbalimbali. Huenda fedha zilikwisha. Huenda fedha zilikuwepo, ila mganga mfawidhi aliagiza makasha machache kuliko watoto waliokuja, kwa kuwa alikadiria kwa kuangalia mwezi ambao mvua hazikunyesha. Huenda aliagiza sawasawa, Bohari ya Dawa ikawa haina shehena. Au dawa zilifika wilayani, zikasubiri gari. Kila sababu ina tiba yake, na kuongeza fedha za kununulia dawa kunatibu ile ya kwanza tu. Penye tatizo la makadirio au la usafiri, fedha hizo zitaingia na mtoto ataendelea kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Utafiti wa mifumo ya afya ni kazi ya kujua ni sababu ipi inayotusumbua, kujaribu tiba yake mahali pachache, kupima kama imefaa, na ndipo kuieneza. Kwa hiyo sikubali kwamba dawa na utafiti ni washindani, ingawa nakubali kabisa kwamba upo utafiti usiostahili hata shilingi moja.

Mfano ninaouthamini kuliko yote umetoka ndani ya mkoa wako wa Pwani, katika wilaya ya Rufiji. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa fedha za Kanada zilizopitia kituo cha utafiti wa maendeleo cha IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika Rufiji na Morogoro. Hoja ya mradi ilikuwa rahisi kuitamka: kama wilaya ikijua wakazi wake wanakufa kwa maradhi gani na ikapanga bajeti yake kwa kufuata hayo, je, vifo vitapungua? Ili kujibu, wahoji walizunguka kaya kwa kaya, mara kwa mara kila mwaka, wakiuliza swali lilelile unaloulizwa wewe barazani: nani amefariki, na kabla ya kufariki alikuwa na dalili gani. Waliuliza majumbani kwa sababu wengi wetu tulikuwa tukifia nyumbani, na anayefia nyumbani haonekani katika vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma, vya zahanati.

Majibu yalipopangwa pamoja, hesabu ilishangaza. Morogoro, malaria peke yake ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, yaani miaka ambayo waliofariki mapema wangeendelea kuishi, lakini katika bajeti ya afya ya 1996 ilitengewa karibu asilimia 5 tu. Hakuna aliyeiba fedha hizo. Zilikuwa zikigawanywa kwa mazoea na kwa matakwa ya wafadhili wa miradi mbalimbali. Timu za wilaya zikapewa vifaa rahisi vya kusoma takwimu hizo na nyongeza ndogo ya fedha. Waliopanga mradi walidhani nyongeza ya dola 2 kwa kila mkazi ingehitajika. Wilaya zikaweza kutumia takriban senti 80 za dola kwa kila mkazi. Fedha zilielekezwa kwenye vyandarua, kwenye kuwafundisha watumishi kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu homa tu, na kwenye usimamizi wa zahanati za pembezoni. Katika muda wa takriban miaka 5 vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka 5 Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sidai kwamba utafiti ndio uliowaponya. Waliponywa na vyandarua, dawa na mikono ya wauguzi. Utafiti ulionyesha tu mahali pa kuelekeza kile kidogo kilichokuwepo, na hilo si jambo dogo.

Mfano wa pili unakuhusu kwa karibu zaidi, maana huenda baadhi ya vijana waliokuja kwako walikuwa wa kazi hiyo. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya kuwalipa watumishi wa vituo vya afya motisha kwa kadiri walivyofikia malengo, kwa ufadhili wa Norway. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina tawi hapo Bagamoyo, pamoja na washirika wake walikusanya takwimu za vituo 150, nusu vikiwa Pwani na nusu katika wilaya za jirani ambako motisha haikutolewa. Waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa takriban asilimia 8 ukilinganisha na wilaya hizo nyingine. Wajawazito waliopewa dawa ya kuzuia malaria waliongezeka kwa takriban asilimia 10. Na upungufu wa dawa na vifaa vituoni ulipungua. Katika malengo mengine mengi motisha haikuonyesha tofauti. Bila zile wilaya za kulinganishia tungejisifu kwa yote, au tungekata tamaa kwa yote, na katika hali zote mbili tungekuwa tumekosea kwa fedha za umma.

Sasa nije kwenye lawama yako, ambayo naiunga mkono bila masharti. Aliyekaribishwa barazani, akapewa habari za msiba wa nyumba, ana deni la kurudi na kueleza alichokijua. Kutorudi ni kosa la kimaadili, na pia ni fedha iliyopotea, kwa kuwa kamati kama yenu ndiyo yenye uwezo wa kubadilisha jambo baada ya matokeo kujulikana. Nashauri kamati yenu, safari ijayo watafiti watakapokuja kujitambulisha, iombe mambo mawili kabla ya kuwapokea: tarehe ya mkutano wa kuleta majibu kwa Kiswahili, na fungu la fedha la mkutano huo likionekana ndani ya bajeti yao. Kama fungu halipo, jueni kwamba ahadi nayo haipo.

Jambo la mwisho katika barua yako ni fedha zenyewe. Mifano yote miwili niliyoitoa ililipiwa na mataifa ya mbali. Nashukuru kwa hilo, lakini anayelipa ndiye anayechagua swali, na swali la upungufu wa dawa ya mseto katika zahanati moja ya pwani si rahisi kumvutia mtu aliyeko Ottawa au Oslo. Isitoshe, fedha za nje hukatika kwa siku moja, kama tulivyoona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kazi nyingi za kukusanya takwimu zikasimama katikati. Mawaziri waliokutana Bamako, Mali, mwaka 2008 kujadili utafiti wa afya walizihimiza nchi kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa ajili ya utafiti; yaani katika kila shilingi 100, shilingi 98 zibaki kwenye dawa, mishahara na majengo, na 2 zitumike kuhakikisha kwamba zile 98 hazipotei njiani. Mimi naona hiyo ni bei halali, alimradi sehemu ya zile 2 ifike mikononi mwa halmashauri ili maswali yaulizwe na watu wa zahanati wenyewe.

SWALI: Mimi ni tabibu katika zahanati moja ya Muheza, Tanga. Nimegundua kwamba wajawazito wetu wengi huanza kliniki mimba ikiwa kubwa, na ningependa kuchunguza sababu. Nianzie wapi kupata fedha?

JIBU: Ndugu tabibu, anzia mahali pasipohitaji fedha. Rejista yako ya wajawazito ina umri wa mimba katika hudhurio la kwanza. Chambua ya mwaka mzima, kijiji kwa kijiji, uone wangapi walifika kabla ya wiki 12, ambao ndio muda unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mara nyingi kijiji kimoja hutofautiana na vingine, na tofauti hiyo ndiyo swali lako la kweli. Ukiwa na karatasi hiyo moja mkononi, mwone mganga mkuu wa halmashauri kabla Mpango Kabambe wa Afya wa mwaka ujao, yaani mpango na bajeti ya afya ya halmashauri, haujafungwa, kwa sababu kazi ya namna hii inaweza kuingizwa humo kama sehemu ya usimamizi wa huduma.

Ukitaka kuhoji akina mama wenyewe, utahitaji kibali cha maadili, na hapo jirani zako wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wenye kituo cha Amani wilayani kwako, watakufaa kwa ushauri na hata kwa ushirika. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, nayo husimamia mfuko wa taifa wa uendelezaji wa sayansi na teknolojia na hutangaza nafasi za kuomba. Ombi la tabibu peke yake ni zito kulibeba, lakini tabibu mwenye takwimu zake akiungana na mtafiti mwenye uzoefu husikilizwa. Katika bajeti yako usisahau nauli ya kurudi vijijini kuwaeleza akina mama ulichokipata. Soma barua ya mama wa Bagamoyo hapo juu, utaona kwa nini.