Hesabu mafuta kabla ya kupaka rangi

Programu yangu ya kwanza ya kuiga mtiririko wa mafuta ardhini ilizalisha mafuta yasiyokuwepo. Niliiandika katika chumba cha kupanga Ngara, Nairobi, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha huku nikiomba stima isipotee. Asubuhi nikampelekea mwalimu ramani ya nyekundu na buluu. Hakuitazama sana. "Yaliyotoka kisimani na yaliyobaki, ukijumlisha unapata yale uliyoanza nayo?" Sikuwa nimejumlisha. Tulipojumlisha, yalizidi.

Kosa lilikuwa mipakani. Kompyuta hukata mwamba kuwa vijisanduku, kisha kwa kila hatua ya muda hukadiria kinachohama kutoka kisanduku hadi jirani yake kwa kanuni ya Darcy, ile ya 1856 inayoeleza jinsi kimiminika kinavyopita mwambani. Mimi nilihesabu kila mpaka mara mbili, kila kisanduku kikitumia upitishaji wa mwamba wake, yaani jinsi mwamba unavyopitisha mafuta kwa urahisi. Huyu akatoa kumi, jirani akapokea kumi na mbili! Wewe hesabu mpaka mara moja tu. Toa huku, ongeza kule.

Na upitishaji wa mpaka wenyewe usiupate kwa wastani wa kawaida. Milidarsi (kipimo cha upitishaji) 100 ikipakana na milidarsi 1, wastani huo ni 50.5, ilhali mafuta hupita kana kwamba ni 2 hivi. Vikiwa visanduku vya ukubwa sawa, zidisha namba hizo mbili, zidisha jibu kwa 2, kisha gawa kwa jumla ya namba hizo. Anayetoka Kasarani asubuhi kwa matatu haihitaji hata fomula: Thika Road ni pana, lakini saa ya kufika kazini inaamuliwa na pale panapobana.

Kisima nacho kina mtego. Kisanduku cha meta 100 kwa 100 kina shinikizo moja, na kisima hakifiki hata upana wa meta moja. Ukilichukua shinikizo la kisanduku kuwa la kisimani umepotea. Mtafiti Peaceman alionyesha mwaka 1978 kwamba, mwamba ukipitisha sawa pande zote, hilo ni shinikizo la umbali wa takriban 0.2 ya upana wa kisanduku. Hapa ni meta 20 kutoka kisimani.

Turkana iache kwanza. Najua, tangu kisima cha Ngamia-1 kipate mafuta huko mwaka 2012 kila mwanafunzi anataka kuiga mwamba wa Lokichar, lakini mafuta ya kule yana nta na huganda yakipoa, kwa hiyo utajitwika na hesabu za joto. Anza na maji yanayosukuma mafuta kwenye mstari mmoja, tatizo la Buckley na Leverett la 1942. Jibu lake hupatikana kwa kalamu, hivyo programu yako haitakudanganya. Kisha chukua SPE1, zoezi la kulinganisha programu la chama cha wahandisi wa petroli (SPE), visanduku 300 tu. OPM Flow, programu ya kuiga mtiririko huu, ni ya bure, na laptop yoyote ya mitumba kutoka Luthuli Avenue italimaliza kabla chai yako haijapoa.